Nani alitufunza kuililia Ghana? Uzi mrefu kutoka barazani Mombasa

Mtu_wa_Majengo (mwenye uzi)

Asalaam aleikum wandugu, na wengine wote hamjambo. Kuna jambo lanizunguka kichwani miaka sasa na jana usiku barazani tulilivutana mpaka kahawa ikapoa, nimeona niliandike lote hapa. Ni refu, mwenye haraka asome kesho.

Julai 2010 tulikuwa tumebanana kwenye kibanda cha mpira hapa Majengo twaangalia Ghana na Uruguay. Mnakumbuka wenyewe. Moja moja, dakika za nyongeza zimekwisha kabisa, mpira waingia golini Suárez akauzuia kwa mkono, akala nyekundu, penalti. Asamoah Gyan akapiga ukagonga mwamba. Alafu matuta, tukatolewa. Oneni nilivyosema, tukatolewa. Mimi sijawahi kutia mguu Accra wala simjui mtu hata mmoja wa huko, na kile kibanda kilikuwa na Mdigo, Mkamba, Mjaluo wa bandarini, Mbajuni, na kijana wa Kihindi wa duka la spea, na wote walinyamaza kama watu wako matangani. Mzee aliyekaa karibu yangu akashika kichwa akasema "wametunyang'anya." Nikarudi nyumbani na neno hilo. Wametunyang'anya sisi nani?

Wengi watakujibu haraka, damu, rangi, sote weusi. Mimi jibu hilo halinitoshi na nitasema kwa nini. Anzia hapa hapa Mombasa. Mji huu Ibn Battuta aliupitia 1331, Vasco da Gama akatokea 1498, 1505 Wareno wakarudi wakauchoma, 1593 wakaanza kuijenga Fort Jesus, Waomani wakawazingira humo karibu miaka mitatu wakawatoa 1698, alafu ukaja ukoo wa Mazrui kutawala, alafu masultani wa Busaidi wa Zanzibar, alafu 1895 Mwingereza. Kila mmoja aliacha kitu na sisi tukakiokota. Leso ya mamangu, neno la Kireno. Meza, bendera, vilevile. Gereza asili yake ni kanisa kwa Kireno, likahama likawa ngome, likahama tena likawa jela, na Fort Jesus yenyewe ilikuwa jela kweli tangu 1895 mpaka 1958. Na damu yenyewe kama mwaitaka, 2023 yalitoka matokeo ya DNA ya watu 80 wa zama hizo, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya Waswahili, Mtwapa ikiwemo. Ikaonekana zaidi ya nusu ya asili yao ni Waafrika, hasa kwa upande wa mama, na kwa upande wa baba wengi ni Waajemi. Sasa niambie ndugu yangu, kwa damu utamweka wapi mtu wa Mtwapa wa mwaka 1500? Na mamake ndiye aliyemfunza kusema, kupika, kuzika.

Rai yangu ni hii, mniikatae mkitaka: Uafrika huu hatukuukuta, ulitengenezwa, tena na watu wadogo wadogo ambao hawakuitwa kwenye mkutano wowote. Siasa ilikuja baadaye kuuandika kwenye karatasi, pengine ikaandika vizuri, pengine ikawafuta watu. Tuendelee.

Bara_Mpaka_Pwani

Kaka umeongea poa lakini umeruka Berlin. Mimi ni wa Machakos nimekuja hapa kutafuta kazi 1998 na huo ndo ukweli ninaoujua, Novemba 1884 mpaka Februari 1885 madola 14 yalikaa yakaandika sheria za kugawana bara na hakukuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Tuliungana kwa kuonewa pamoja. Toa ukoloni hapo uone kama kuna Uafrika, kungekuwa na Mkamba na lake, Mdigo na lake, Mwashanti na lake.

Mtu_wa_Majengo

@Bara_Mpaka_Pwani nusu nakubali. Lakini kuonewa peke yake hakuwaunganishi watu ndugu yangu, kwaweza kuwafarakanisha vibaya sana. Mkoloni hapa Mombasa alitenga wenyeji upande huu na wasio wenyeji upande ule, na kodi yako, na nani avishwe kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni kama mbuzi, vyote vilitegemea umeandikwa upande gani. Matokeo yake watu wa mtaa mmoja, msikiti mmoja, wakawa waandika barua kwa serikali kuthibitisha kuwa wao si Waafrika. Siwalaumu sana, ukitishiwa kipande utatafuta mlango. Lakini kidonda hicho mpaka leo kipo, mtu wa Mombasa akiulizwa kabila lake yuwafikiri kwanza aulizwa na nani.

Sasa tazama Januari 1947. Bandari yasimama, reli yasimama, mahoteli, watumishi wa majumbani, kama watu 15,000 wameweka kazi chini karibu wiki mbili. Mluhya, Mkamba, Mgiriama, Mjaluo, Mswahili. Chama cha wafanyakazi kikazaliwa humo, kikaja kuongozwa na Chege Kibachia, Mkikuyu, mpaka alipokamatwa mwaka ule ule. Hao walionewa miaka mingi kabla wala hawakuwa kitu kimoja. Ila gunia moja walilibeba, chumba kimoja cha kupanga walilala, na lugha moja ya kugombana na karani walikuwa nayo. Babangu mzazi aliingia Kilindini baadaye kidogo kama kibarua, na alikuwa akisema wazee wa kazi hawakumwuliza kabila, walimwuliza "wajua kupokea kamba?"

Mtz_Tanga

Habari za jioni majirani. Mimi nipo Tanga nafuatilia. Hapo kwenye watu wadogo umenigusa, babu yangu alikuwa mtu wa beni, kundi la Marini, wapinzani wao Arinoti. Bibi alituambia ngoma hiyo ilitoka kwenu huko juu Mombasa na Lamu. Kuna anayeijua vizuri?

Mtu_wa_Majengo

Allah, umenigusa mahali pake. Mwaijua beni nyinyi vijana? Ilikuwa ngoma ya mashindano, watu wameiga bendi ya wanajeshi wa kizungu, tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride, nguo zimepigwa pasi, vyeo kuanzia mfalme mpaka daktari. Mombasa palikuwa na Kingi na Scotchi, wakishindana mji hulali. Wengine husema huko kulikuwa ni kumwiga mzungu tu. Mimi naona mengine, naona watu waliochukua kitu cha aliyewapiga wakakifanya chao, wakakitungia nyimbo za Kiswahili wakacheka nacho.

Alafu ikaja vita ya 1914. Mwingereza na Mjerumani wakapigana Tanganyika, na mizigo yao ikabebwa na Waafrika, mamia ya maelfu, kutoka kila pembe. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi, ni kwa homa, kuhara na njaa. Jina lao limebaki Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi, watu wanaenda sokoni kila siku kununua nyanya hawajui wamesimama kwenye jina la wapagazi. Mimi kila nikikumbuka hilo sina raha. Na kwenye kambi hizo Myao, Mkamba, Mnyamwezi, Mjaluo walilala pamoja, na jioni ilikuwa beni. Vita ilipokwisha kila mtu akarudi nayo kwao. Ikafika Nyasaland, Malawi ya leo, ikaitwa mganda, kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo ikachezwa kalela. Nchi zenyewe zilikuwa hazijazaliwa, wala chama cha siasa cha kuwaunganisha hawa hakikuwepo. Ngoma ilikuwa imeshavuka mipaka ya Berlin kwa miguu.

Bara_Mpaka_Pwani

Aisee hapo kwa vita umenikumbusha kitu cha kwetu. Mutisya Munge, mzee wa Wamunyu, alienda vita hiyo Tanganyika akajifunza kuchonga vinyago kwa wachongaji wa huko, akarudi akawafunza watu wetu. Ndo mwanzo wa uchongaji wa Wakamba mpaka hawa wa Changamwe ambao watalii wanashuka melini wananunua twiga wa mti wakisema ni sanaa ya Kiafrika. Na ni kweli ni ya Kiafrika, lakini ilianzia kwenye vita vya wenyewe Wazungu. Sikuwahi kuiona hivyo kabla ya huu uzi.

Shangazi_Kisauni

Wanangu nawasoma. Mie ni mtu mzima nyinyi mwaniruhusu niseme kitu ambacho hamtakipenda.

Mwasema kuonewa na Mzungu. Sisi wa Frere Town hapa Kisauni wazee wetu waliletwa 1875 na miaka iliyofuata, walikuwa watumwa waliookolewa na Waingereza kwenye majahazi ndani ya bahari, Wayao, Wamakua, Wanyasa, watoto wadogo wengine hawakumbuki hata jina la kijiji. Kengele ile ya Kengeleni mwapita na matatu kila siku, ilikuwa yao, ya kuwaita na ya kuwaonya. Na aliyewauza na aliyewanunua hakuwa Mzungu peke yake. Alikuwepo Mwarabu, na Mswahili, na chifu wa bara aliyemtoa mtoto wa jirani kwa nguo na bunduki. Nyanya yangu alikuwa akisikia mtu asema "sisi Waafrika ni ndugu" alikuwa anyamaza kimya. Sasa huo udugu wenu muuweke na hilo ndani, msilifiche chini ya jamvi.

Na nyanya huyo huyo alizaa na kuolewa humu, akafunga leso kama wenzake, akasema Kiswahili kushinda wenye mji. Alipokufa walimzika majirani wa dini zote. Basi.

Mtu_wa_Majengo

Shikamoo shangazi. Hilo ni kweli tupu na nilikuwa nimelikwepa, nisamehe. Wengi wetu hapa pwani tukitajiwa utumwa twageuza maneno haraka kuelekea Amerika. Mtu akisema historia yatuunganisha na aanzie hapo, kwamba mjukuu wa aliyeuzwa na mjukuu wa aliyeuza wamekaa foleni moja ya feri Likoni na lazima waangaliane usoni. Marehemu Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa mji huu 1933, kazikwa 2014 makaburi ya kwao pale mkabala na Fort Jesus, alituachia fikra ya urithi wa aina tatu, wa Kiafrika wenyewe, wa Kiislamu, na wa Magharibi. Mimi namheshimu sana na bado naona fikra hiyo yafaa, ila yakuonyesha mito mitatu yaingia baharini bila kukuonyesha ni nani aliyezama kwenye kila mto. Shangazi umetuonyesha.

MwanaLamu

Nimesubiri mufike kwenye siasa hamfiki, basi naanza mimi. 1963 ndio mwaka wenyewe. Mei 25 viongozi wa nchi 32 wako Addis Ababa waunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, bara moja, ndugu. Juni 5 Kenyatta, Nyerere na Obote watangaza Nairobi kuwa mwaka huo huo wataunda shirikisho. Halikuundwa mpaka leo. Oktoba 8 makubaliano yafanywa London, ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar uingie Kenya. Desemba 12 uhuru. Kulikuwa na watu wa Mwambao waliotaka pwani ijitawale, hawakusikizwa, na wengi wa pwani wengine hawakuwataka watu wa Mwambao, manake waliona ni Waarabu wataka kurudi juu. Yote mawili ni kweli. Alafu Cairo 1964 wakakubaliana mipaka ya mkoloni isiguswe. Yaani wale wale waliosema sisi kitu kimoja ndio waliotia kufuli kwenye mistari ya Berlin. Mtu wa pwani akilalamikia ardhi mpaka leo, ndani ya malalamiko yake pana mwaka huo.

Mtu_wa_Majengo

@MwanaLamu malalamiko ya ardhi siyapingi, ni ya haki, watu wamezeeka kwenye viwanja wakiitwa maskwota na makaburi ya babu zao yako nyuma ya nyumba. Kuhusu Cairo mimi niko pengine kidogo. Naona waliogopa, na woga wao ulikuwa na sababu, ukifungua mpaka mmoja utafungua yote na damu itamwagika. Kosa silioni kwenye kuuacha mstari. Kosa ni kwamba waliuacha mstari alafu wakaanza kuuamini, wakaugeuza ukuta. Huo wenyewe wa Kenya na Tanzania ulichorwa 1886, watoka Vanga wanyooka mpaka Ziwa Victoria, ukifika Kilimanjaro wapinda kuuzunguka mlima. Mdigo hakuulizwa, Mmaasai hakuulizwa.

Mtz_Tanga

Na sisi tuliumizwa na huo ukuta. Jumuiya ilipovunjika 1977 mpaka ulifungwa mpaka 1983. Mama yangu mdogo aliolewa Vanga, hapo hapo jirani, miaka hiyo ndugu walikuwa wakipata msiba upande wa pili wanapita porini usiku kama wezi. Wadigo kwa Wadigo. Leo Horohoro na Lunga Lunga wanagonga muhuri pamoja unapita vizuri tu, nashukuru, lakini wale wazee waliokosa kuzikana hawarudi.

Kijana_wa_Likoni

Wakubwa heshima zenu ila niulize kitu. Mimi nina miaka 24, diploma, nauza kava za simu. Huu Uafrika wanisaidia nini? Hiyo soko huru ya Afrika walisaini Kigali 2018 wakasema biashara yaanza Januari 2021, mimi bado mzigo wangu watoka Uchina kwa sababu ndio rahisi. Kuruka kwenda Lagos ni ghali kuliko Dubai. Mambo ya ngoma na vita vya babu ni mazuri lakini hayalipi kodi ya nyumba.

Mtu_wa_Majengo

Mwanangu swali lako ndilo zito kuliko yote hapa na sitakudanganya kuwa nina jawabu kamili. Siasa imechelewa, tena sana. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekua mpaka nchi nane, Kongo imeingia 2022 na Somalia 2024, na bado lori la mahindi laweza kulala mpakani siku kadhaa kwa barua ya waziri mmoja. Mimi hasira yangu ni hiyo hiyo yako.

Lakini tazama wewe mwenyewe wauzaje kava. Mteja wa Goma huko Kongo aja Mombasa kuchukua mzigo, mwasikizana kwa lugha gani? Chissano, rais wa Msumbiji, 2004 alisimama mbele ya Umoja wa Afrika akahutubia kwa Kiswahili, wakalimani wakahangaika, na 2022 Umoja huo ukakikubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi. Miaka 18 katikati hapo. Na kabla ya hao wote lugha hiyo ilishafika Goma, mgongoni mwa wapagazi na wafanyabiashara, na wengine ndani yao, kama alivyosema shangazi, walikwenda kwa minyororo. Wao ndio waliokufungulia duka. Unapouza kava kwa mtu wa Goma watumia mali iliyoachwa na watu ambao hawakupata hata kaburi lenye jina.

Sasa nifike nilipokuwa nakwenda tangu mwanzo. Wamakonde. Watu wa Msumbiji, walikuja huku enzi za mkoloni kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa, Kwale na Taita Taveta. Wakazaa, wakajukuu. Sote twajua Mmakonde, ana jirani, ana timu ya mpira. Lakini kitambulisho hakuwa nacho. Bila kitambulisho huna simu kwa jina lako, huna benki, mtoto hana mtihani bila kuhangaika, na ukikutana na polisi usiku wewe ni mgeni. Miaka zaidi ya hamsini baada ya uhuru. Oktoba 2016 wakatoka Kwale kwa miguu kwenda Ikulu Nairobi. Kwa miguu, na wazee ndani. Februari 2017 wakapewa vitambulisho, wakaitwa kabila la 43. Mimi nilikuwa nina jirani mmoja wao, sitamtaja, alinionyesha kile kikaratasi chake amekitia kwenye nailoni mbili. Nikampa hongera, alafu nikaona aibu. Hongera ya nini? Mimi nilimjua ni mwenzangu tangu tukiwa watoto twaogelea Tudor, nchi ndiyo iliyokuwa haijui.

Mpemba_wa_Kilifi

Sijawahi kuandika hapa, husoma tu. Mimi ni Mpemba, tumezaliwa huku Kilifi mimi na babangu. Baba alikuwa mvuvi, na mimi mvuvi. Bila kitambulisho hupati leseni, basi ulikuwa unavua kwa jina la mtu mwingine na yeye achukua sehemu yake. Ukishikwa baharini unaambiwa rudi kwenu Tanzania, ukifika Tanzania waambiwa wewe ni wa Kenya. 2023 serikali ndio ikatutambua, nikapata kitambulisho nikiwa na miaka 41.

Nimeandika kwa sababu ya ile mechi. Niliiangalia, 2010, tulikuwa ufuoni kwa televisheni ya jenereta. Gyan alipokosa nililia, nisiwafiche, nililia kabisa. Na siku hiyo mimi sikuwa mtu wa nchi yoyote kwa karatasi. Ghana ndiyo niliyokuwa nayo.

Mtu_wa_Majengo

Ndugu yangu nimesoma mara tatu. Babako yu hai?

Mpemba_wa_Kilifi

Alifariki 2019. Hakukipata.

Shangazi_Kisauni

Mwanangu pole sana. Na watoto wako umeshawaandikisha vyeti vya kuzaliwa? Usingoje. Aliyezaliwa nyumbani nenda kwa chifu na mkunga aliyemzalisha, au jirani aliyekuwepo, awe shahidi. Ukikwama niandikie, mie nilishawapeleka wengi.

Mpemba_wa_Kilifi

Wawili tayari shangazi. Bado mmoja. Nitakuja Jumatatu inshallah.